Baba Shabani, Siku Ile Sikuwa Nimelala

Kwako Baba Shabani,

Ninakuandikia nikiwa nyumbani kwa mwanao, Handeni, nimeegemea mito mitatu kwa sababu nikilala chali pumzi hainitoshi. Daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo umechoka. Nikamjibu kuwa umefanya kazi miaka themanini bila likizo, una haki ya kuchoka. Akacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile sijaogopa. Uji nakunywa, naswali nimekaa, redio naisikiliza mpaka inaisha betri. Sina ninacholalamikia.

Limebaki jambo moja tu. Nimeamua kuliandika wazi, alisome anayetaka, kwa sababu neno lenyewe nililisema mbele za watu na siwezi kulifuta kwa kunong'ona.

Siku ile, kule Mkwaja, sikuwa nimelala.

Wewe unajua. Wengine hawajui, kwa hiyo nivumilie nianzie mwanzo, kama ulivyozoea kunivumilia.

Unakumbuka watu wa Hale walivyotushangaa? Wewe ulikuwa fundi kwenye mtambo wa umeme, mimi mwalimu mkuu msaidizi, na siku uliposema kotani, kwenye nyumba za wafanyakazi, kwamba tunakwenda pwani, majirani walikuja kutupa pole.

"Kafariki nani?" waliuliza.

"Hajafariki mtu."

"Basi nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Tunakwenda kutembea."

Wakatazamana. Mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa mahari. Kusafiri siku mbili ili ukaangalie maji, hilo halikuwa na jina. Masanja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyelitafutia jina. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani haulizi hali, huanza na matusi.

"Wazigua hawa! Hapa Hale miguu wanayo na njia zipo, lakini kutembea mpaka wapande gari! Mwalimu, huyu mumeo umemlisha nini?"

"Nimemlisha ugali wa kwenu," nikamwambia, "ndiyo maana akili imeruka."

Watoto tuliwaacha kwa mama yako, Mnyuzi. Tukapanda basi mpaka Tanga, tukalala, kisha Pangani, tukavuka na pantoni, na ng'ambo tukapata lori lililobeba saruji. Ulinikalisha kwenye mfuko wa saruji ukanifunika koti lako. Tulipofika Mkwaja kwa shangazi yako tulikuwa weupe kama mizimu. Shangazi alitutazama, akasema, "Nyie ni watu au mmeshakufa mnakuja kunichukua?" Kisha akachemsha maji.

Nimekaa na siku zile tano maisha yangu yote, Baba Shabani. Nimefundisha viumbe hai miaka thelathini na mitatu, nimechora ubaoni mifupa ya kila mnyama, lakini wanyama wenyewe nilikuwa sijawahi kuwaona wakiishi, wakiwa hawana habari nami. Mkwaja niliwaona. Askari wa wanyamapori aliyekaa jirani na shangazi alitutembeza kwa miguu, bunduki begani, akatuambia tutembee upande upepo unakotupiga usoni, tusinukie. Tukaona kongoni wamesimama kwenye nyasi na nyuma yao bahari. Tukaona twiga anakula mgunga na mchanga wa pwani umemshika kwatoni. Kwenye mabwawa ya chumvi tukawakuta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamesimama kwa mamia wameinamisha vichwa, na wewe ukavua kofia. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Sijui. Nimeona wako kwenye swala."

Na alasiri ile ya kasa! Askari alitupeleka kwenye shimo ambamo watoto wa kasa walikuwa wanatoka, wadogo kama vifuniko vya chupa, wanakimbilia majini kwa mikono yao mifupi. Kaa walikuwa wanawavizia. Wewe, baba wa watoto wanne, fundi unayeheshimika, ulivua kandambili moja ukawa unakimbia huku na huku ufukweni ukiwafukuza kaa na kuwatukana kwa Kizigua. Askari alikuambia uwaache, hao nao wana watoto. Ukamjibu, "Wakale kwingine!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nadhani ndipo nilipokupenda, kama mtu anaweza kuanza kupenda akiwa na watoto wanne.

Sasa nifike kwenye siku ya nne.

Tuliswali alfajiri kisha tukateremka pwani sisi wawili. Kulikuwa kumepambazuka, jua halijachomoza vizuri, na ufuo wote hauna mtu. Nilikuambia nataka kuingia majini. Ukadhani natania. Hukujua kwamba nilijifunza kuogelea utotoni katika lambo la Kwedizinga, na wasichana wenzangu, siku tulizotumwa maji. Tangu niolewe sikuwahi kukueleza, kwa kuwa mwanamke mwenye stara haulizwi kama anajua kuogelea. Nikavua gauni na ushungi nikakupa ushike. Nikabaki na shimizi. Nikaingia.

Mume wangu, sijui kama nilikueleza maji yale yalivyonibeba. Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi, mama wa watoto wanne, mkwe wa Mnyuzi, na kwa dakika chache sikuwa kitu chochote. Nilipiga mbizi. Nilipiga kelele. Niliimba wimbo wa wasichana ambao hauimbwi mbele ya wanaume, na wewe umekaa mchangani na gauni langu mapajani unacheka kama umepewa zawadi.

Halafu ukaacha kucheka.

"Mwalimu," ukasema, taratibu sana. "Usitoke. Kaa huko huko."

Nikageuka. Alikuwa ametoka kwenye vichaka, dume moja la tembo, peke yake, anashuka mchanga pole pole kama mzee anayeshuka ngazi. Alipita baina yako na mitende. Alipita karibu nawe hata nilisema nafsini mwangu kwamba nimekuwa mjane nikiwa na shimizi. Nawe ulifanya nini? Watu wanajua ulivyosimulia, kwamba ulisimama imara ukamtazama macho kwa macho. Nisamehe, leo nasema yote. Ulijifunika gauni langu kichwani.

Tembo hakukujali. Akaingia baharini. Mimi maji yalikuwa kifuani, naye akawa mkono wangu wa kulia, umbali kama wa kutoka mlango wa darasa hadi mlingoti wa bendera. Akaingia mpaka magotini, akateka maji kwa mkonga akajimwagia mgongoni, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Nilisikia maji yakimdondoka. Nilisikia anavyopumua. Wimbi lilipokuja alifunga macho, kama mtoto anayeoshwa uso. Kisha aliinua mkonga upande wangu, akaninusa kwa mbali, akaona sina la maana, akarudi alikotoka.

Ulifunua gauni. Nami nilitoka majini. Ukanivika gauni mwenyewe, ukalifunga vifungo vyote na kimoja ukakikosea. Tulirudi kwa shangazi.

Tuliporudi nyumbani tulipitia Mnyuzi kuchukua watoto. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa dini, na ukali wake uliujua wewe kuliko mimi. Sebule ilikuwa imejaa ndugu. Ukaanza kusimulia habari ya tembo, umechangamka, unaonyesha mkonga kwa mkono. Mama yako akauliza, "Na huyu mkwe wangu alikuwa wapi?"

Ulinitazama. Ilikuwa mara moja tu, haraka. Kisha ukasema, "Mwalimu? Alikuwa bado amelala kwa shangazi."

Ukanistiri. Nami nikastirika. Nilitazama chini nikaendelea kuchambua mchele.

Hukujua, wala mimi sikujua, gharama yake itakuwaje. Kwa sababu hadithi ilifika Hale, na Hale kulikuwa na Masanja.

"Tembo kaoga baharini!" akawatangazia watu wa kotani. "Hakukuomba sabuni? Hakukuuliza taulo liko wapi? Nani mwingine alimwona?"

"Nilikuwa peke yangu," ukasema.

"Na Mwalimu?"

"Alikuwa amelala."

"Haya, tumuulize. Mwalimu, wewe husemi uongo, unachapa watoto kwa uongo. Ulimwona?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Mimi nilikuwa nimelala."

Nikajiambia ni utani tu, utapita. Haukupita. Kwa kuwa neno langu lilikuwa neno la mwalimu, lilikuhukumu. Kwanza kotani, kisha kwenye mtambo wa umeme, kisha mpaka Korogwe mjini, mtu akitia chumvi kwenye habari wakawa wanasema, "Huyo ni tembo wa Mkwaja." Fundi akisema atakuja kesho, tembo wa Mkwaja. Mwanasiasa akiahidi kisima, tembo wa Mkwaja. Wewe ulicheka nao. Ulikuwa mtu mkubwa kuliko kicheko chao.

Lakini Shabani hakuwa mkubwa. Alikuwa darasa la tano. Siku moja alirudi shati limechanika na mdomo umepasuka, amepigana na watoto watatu kwa sababu yako. Alisimama mbele yangu jikoni, anahema. "Mama," akaniuliza, "baba hasemi uongo, si ndiyo? Wewe ulimwona?"

Hapo hapakuwa na mkwe wala Masanja. Tulikuwa mimi na mwanangu, na sufuria ya maharage. Ningeweza kusema. Lakini nilifikiri atakwenda kusema, na wataniuliza kwa nini baba yake alisema nimelala, na nitajibu nini? Uongo wa kwanza ulikuwa wako na ulikuwa wa huruma. Huu ulikuwa wangu. Nikamwambia, "Nilikuwa nimelala, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kunawa. Hakupigana tena kwa ajili yako maisha yake yote.

Uliona alivyobadilika. Ulikuwa ukimwita akusaidie kutengeneza baiskeli, anakuja, lakini ulipoanza kusimulia jambo lolote alikuwa anatazama pembeni. Alikuheshimu, hakukuamini. Hukuniuliza kwa nini. Mara moja tu tulilitaja jambo lile, ukiwa mgonjwa, nakupangusa miguu. Ukasema, "Mwalimu, yule tembo alikuwa mkubwa, ee?" Nikasema, "Mkubwa sana, Baba Shabani." Ukafumba macho ukatabasamu. Nilidhani hiyo inatosha.

Siku ya mazishi yako Masanja alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni na mpira wa kumwagilia bustani ameufunga puani kama mkonga. "Hatoki mtu hapa!" akapiga kelele. "Marehemu ana kesi! Mwalimu aseme leo, tembo alioga au hakuoga?" Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimefunikwa. Wote walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka, ndivyo msiba mzuri ulivyo. Wakanisubiri. Nikasema, "Mpeni mpumbavu huyo kuku wake wa utani, mume wangu akapumzike." Wakacheka zaidi. Shabani alicheka pia. Nilikusindikiza kwa kicheko hicho.

Hata mwezi uliopita, Shabani alikaa hapa pembeni ya kitanda changu ananisimulia habari za fundi anayemjengea duka. "Kila siku anasema bati zinakuja. Ananipigia tembo wa Mzee."

Alilisema kama mtu anavyosema neno la kawaida. Tembo wa Mzee. Nikatambua kwamba nikifa, hicho ndicho atakachobaki nacho kwako, na wanawe watarithi.

Nikamwambia, "Shabani, zima hiyo simu ukae vizuri."

Nikamweleza yote. Lambo la Kwedizinga, shimizi, wimbo, gauni kichwani. Na habari ya jikoni nikamweleza, maharage na mdomo wake uliopasuka. Alinisikiliza ameinama. Sasa ana mvi kama wewe, na masikio yako. Nilipomaliza akasema, "Mama, hakuna mwanamke wa Kizigua atakayejisingizia shimizi."

"Unaniamini?"

"Naamini." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuuliza, Mama."

"Uliniuliza."

"Nilikuwa na miaka kumi na moja."

"Najua, mwanangu. Nilijistiri kwa jina la baba yako, na kwa mdomo wako. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alininyooshea mto. Kesho yake alfajiri akawasha gari, akanibeba akaniweka kiti cha mbele, tukapitia Korogwe mpaka Hale kwa Masanja.

Utafurahi kusikia kwamba mtani wako bado yupo, mdomo ni ule ule ingawa meno hayapo. Alimpokea Shabani shikamoo yake, kisha akanitazama mimi garini. "Mwalimu! Mbona hujafa? Nilishanunua kitambaa cha kaniki."

Nikamweleza naye, kwa sauti, dirisha limefunguliwa na wakwe zake wamesimama pale. Sikuficha kitu. Masanja alishika kidevu, akafikiri sana.

"Hilo la gauni kichwani naliamini," akasema. "Nalimjua yule bwana. La tembo, hapana. Mwalimu, kumbe uongo unaambukiza! Umekaa na Mzigua mpaka umeoza."

"Masanja, naapa."

"Usiape, mtu mwenyewe unaondoka kesho. Sasa mko waongo wawili. Mtakaa pamoja vizuri."

Na kabla hatujaondoka alishatwaa kanga ya mkewe, ameitupa kichwani, anamwonyesha kila anayepita jinsi ulivyokaa mchangani. Nilikuwa nimekwenda kukusafishia jina, nimekuongezea kioja. Nisamehe na hilo. Lakini nakuambia kweli, tulipogeuza gari nilikuwa nacheka, na moyo huu mbovu ulikuwa mwepesi. Walipokucheka zamani nilikuwa upande wao. Sasa wanatucheka sote, na mahali hapo pananifaa.

Tulisimama Mnyuzi. Sikuweza kutembea mpaka makaburini, nilibaki garini mlango wazi. Shabani alikwenda peke yake. Nilimwona anang'oa majani juu ya kaburi lako, kisha anachuchumaa. Alikaa muda mrefu. Mara mkono wake ukainuka, ukashuka, kama mtu anayesimulia. Mara mabega yakawa yanatikisika, na kutoka pale nilipo sikuweza kujua kama analia au anacheka. Treni ya mizigo ilipita, ikaisha yote, naye bado amechuchumaa.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akafunga mkanda wangu.

"Umemwambia nini baba yako?" nikamuuliza.

"Mama," akasema, anawasha gari, "haya yetu hayakuhusu."

Nikanyamaza. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa katikati yenu bila ninyi kujua, na siku hiyo mwanangu alinitoa. Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa ninyamaze.

Basi, Baba Shabani, mkono umechoka na mwandiko umeanza kupanda mlima, jambo ambalo ningemchapia mtoto. Sikuachi kwa kwaheri, maana safari iliyobaki ni fupi. Nisalimie mama yako, umweleze mwenyewe habari ya shimizi kabla sijafika, ili hasira zake zipoe.

Aliyekuwa macho,
Mkeo, Mama Shabani.